Babu Enoka na Jina la Daraja

Jumatatu, 3 Juni 2024

Daraja limekwisha. Zege tupu, kingo nyeupe, urefu hatua arobaini na mbili. Nimepima mwenyewe. Miaka yote sisi watu wa Ilulwe tumevuka mto wetu juu ya magogo, na masika yakizidi kila mtu amebaki upande wake tukipungiana mikono. Sasa tutavuka kama watu wa Tunduma, viatu vikiwa vikavu.

Leo mtendaji wa kata, Mama Restuta, ametangaza kwamba daraja bado halina jina. Litazinduliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Mwenye jina alilete, pamoja na historia yake na ushahidi. Litachongwa kwenye jiwe.

Kwenye jiwe! Mwili umenisisimka mpaka nikasahau kufunga duka.

Jina lipo. Daraja la Enoka Mtafya. Babu yangu mzaa baba, mvushaji wa watu, mwenye mtumbwi pekee hapa Ilulwe zama zile. Mwaka 1956 mto ulifurika ukawazingira watoto kumi na mmoja kwenye kilima cha shule ya nyasi, wazazi wao wakiwa msibani huko juu milimani. Babu akawavusha wote. Kila mtu hapa anaijua habari hii. Nimewaambia mimi.

Nina miaka arobaini na saba. Nimejaribu uwakala wa forodha mpakani, ufugaji wa sungura, na kwaya. Kote nimetoka mikono mitupu. Sasa nina duka la fotokopi lenye mashine moja inayochora mstari mweusi katikati ya kila karatasi. Jina la Mtafya likikaa kwenye jiwe, nitakuwa nalipita kila asubuhi. Polepole. Watu wakiniona.

Doa moja tu. Katibu wa kamati ya kuchagua jina ni mwalimu mstaafu Tukuswiga. Alinifundisha darasa la nne, na hadi leo ananiita Yesaya wa dawati la nyuma.

Jumanne, 4 Juni

Ushahidi. Hapo ndipo pagumu. Babu hakuandika kitu, kwa sababu hakujua kuandika. Kosa lake, si langu.

Nimemsaidia. Nimechapa ukurasa mmoja, "Taarifa ya Mafuriko, 1956", kwa lugha nzito ya kizamani. Nimeweka "shujaa" mara sita. Kisha nikauloweka kwenye chai ili uzeeke.

Frida, mke wangu, ameuliza kwa nini kuna karatasi ndani ya sufuria. Nikamwambia ni mambo ya historia. Akauliza kama historia nayo inanywa chai ya maziwa. Sikuwa nimeliona hilo.

Jioni. Karatasi imekauka na imezeeka vizuri sana, ila ina sisimizi. Nimewapuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya.

Niliingia ofisi ya kata na hati yangu ndani ya bahasha, nikaomba iguswe kwa ncha za vidole. Mama Restuta aliipokea kwa heshima. Ombeni, fundi cherehani, mjumbe wa tatu wa kamati, akavua kofia. Mambo yakawa yanakwenda.

Kisha akaishika mwalimu Tukuswiga. Akavaa miwani. Akasoma mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisoma madaftari yetu. Halafu akauliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini hati ya mwaka 1956 ina mstari mweusi katikati. La pili, mwandishi wa 1956 alijuaje kwamba kutakuwa na Mkoa wa Songwe, uliozaliwa 2016.

Nikasema pengine alikuwa nabii.

Ombeni akavaa kofia yake.

Mama Restuta hakupandisha sauti, lazima nimshukuru. Alisema nikiwa na ushahidi mwingine niulete, lakini uwe mkavu. Mwalimu akaniomba karatasi nyingine kama ninazo, eti za kufundishia wajukuu zake makosa. Nimekataa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata akili mpya. Watu hawaamini karatasi, wanaamini sura. Mtu akiona macho ya shujaa, habari imekwisha.

Babu hakupigwa picha hata mara moja maishani. Nimepanda gari la saa kumi na mbili kwenda Tunduma. Nilishuka kituo cha Mpemba nikanywa supu, nikafikiri, nikaendelea. Karibu na mpaka kuna studio ambayo mwenyewe anaweka picha zisizochukuliwa na wateja, kuta mbili nzima. Nimechagua mzee mmoja mwenye mashavu yaliyoingia ndani na macho makali, kama mtu aliyezoea kutazama maji. Fremu ya dhahabu. Chini nimeandikiwa: ENOKA MTAFYA, 1902–1971, APUMZIKE KWA AMANI.

Njiani nilimpakata. Tulipofika Ilulwe nilikuwa nimeshaanza kumpenda.

Frida amemtazama muda mrefu. Amesema hafanani na mtu yeyote wa ukoo wetu. Eti huyu anaonekana ana msimamo.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya ibada nilimsimamisha babu juu ya kiti nje ya kanisa, na kitambaa cheupe chini yake. Watu wakakusanyika. Wazee wawili wa kanisa wakasema ndiye kabisa, wanamkumbuka. Wamezaliwa baada ya yeye kufa, lakini sikuwasahihisha.

Ndipo akatoka Gloria, mke wa Ombeni. Gloria ni mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akaiona fremu. Akasoma "apumzike kwa amani". Akajitupa chini.

"Tata! Baba yangu! Mbona hamkuniambia?"

Kilio kikapokelewa. Kwetu kilio hakiulizwi kwanza, kinapokelewa. Kina mama wakajifunga kanga kiunoni. Mtu mmoja akakimbilia kengele. Ombeni alisimama mbele ya picha ya mkwe wake, kofia kifuani, machozi yakimtoka, huku akinitupia macho ya kuuliza nilimjuaje mkwewe na kwa nini nilimbadilisha jina.

Mwalimu Tukuswiga peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba duniani kuna simu. Alimpigia mzee huko Nakonde. Mzee akapokea. Alikuwa sokoni, anauza dagaa. Akauliza ni nani amefariki, maana anasikia kilio. Wakamwambia ni yeye. Akaomba wamtafute huyo mtu wa picha asiondoke, anakuja.

Nimeondoka.

Frida amepika ndizi na hajasema neno. Kimya cha Frida ni kirefu kuliko daraja.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetulia. Kosa langu nimeliona: nilihangaika na vitu, nikawaacha watu. Shahidi yupo! Bibi Enesi, mama wa watu wa kule mwisho wa mashamba ya kahawa. Alikuwa mmoja wa watoto kumi na mmoja wa kilimani. Alikuwa na miaka tisa wakati ule. Wengine wote wamekwisha.

Nimekwenda na sukari, sabuni ya mche na ugoro. Nilimkuta uani anaanika kahawa, mgongo umepinda lakini mikono inakwenda kama ya msichana. Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia, wa Lameki, wa Enoka mvushaji. Akaacha kahawa.

Nilimweleza habari ya jiwe. Nikamwambia Jumatano kamati itamsikiliza mbele ya watu wote, aseme tu jinsi mtumbwi wa babu ulivyowavusha. Nikamfundisha na maneno ya kusema, mara tatu. Alisikiliza vizuri sana, ugoro puani, akitikisa kichwa.

Mwisho akasema, "Ndaga, baba. Asante. Miaka mingi sijaitwa kusema. Nitasema yote."

Yote! Kipande kidogo kingetosha, lakini sitamzuia mtu mzima mwenye moyo wa kutoa.

Nimerudi nikiimba. Frida ameuliza kama Bibi Enesi amenieleza atakachosema. Nimemwambia mimi ndiye niliyemweleza.

Jumatano, 12 Juni

Naandika kwa sababu usingizi wa mchana umekataa.

Watu walijaa ofisi ya kata mpaka madirishani. Bibi Enesi aliwekewa kiti mbele. Mimi nilivaa koti. Mama Restuta akamkaribisha aseme anachokikumbuka. Nikampa ishara kwa kidole, kama tulivyokubaliana.

Hakunitazama. Akaanza.

"Tulikuwa kumi na mmoja. Maji yalikuja asubuhi, mekundu, na miti ndani yake. Kilima kikawa kisiwa. Enoka alikuja na mtumbwi."

Nikaitikia kwa kichwa. Vizuri sana.

"Tukamkimbilia. Akasema tusubiri, anavusha kwanza nguruwe wake na magunia mawili ya ulezi, atarudi. Akavuka. Akafika. Akautazama mto. Hakurudi."

Nilitoa kikohozi. Hakuna aliyenisaidia.

"Ng'ambo kulikuwa na mama mmoja anaitwa Ketrina. Mpika komoni. Alitoka ziwani, Nyasa huko, hakuwa mtu wa hapa. Siku hiyo alikuwa na pipa zima la pombe ya harusi. Tukamwona analisukuma. Akalimwaga. Pombe yote, tss, kwenye tope. Tukadhani amepata wazimu. Kumbe anatafuta pipa."

Mama Restuta akaacha kuandika.

"Akakimbia kanisani, akakata kamba ya kengele. Akaiunga na kamba za mbuzi. Akafunga upande mmoja kwenye mti, mwingine kiunoni, akaingia majini. Alikuwa anajua maji yule, acha. Mto ulimpeleka mbali, akatokea huku chini, akapanda kilimani magoti yote damu. Akafunga kamba. Akaturudisha wawili wawili ndani ya pipa, yeye anaogelea pembeni, mkono mmoja pipa, mkono mmoja kamba. Safari sita. Ya sita alibaki mmoja peke yake, mdogo kuliko wote, miaka mitatu, analia hashikiki. Ketrina akaingia naye majini amembeba kichwani, maana pipa lilikuwa limepasuka."

Akavuta ugoro. Ugoro wangu.

"Huyo mdogo alikuwa Lameki."

Lameki ni baba yangu.

Nilisikia mashine ya kusaga ya ng'ambo.

Nikasimama. Nikasema kwa heshima zote, bibi ni mtu mzima, huenda amechanganya. Wazazi waliporudi toka msibani walimshukuru nani? Walimshukuru babu! Hilo linajulikana.

"Walimkuta amesimama kando ya mtumbwi," akasema. "Wakamshika mikono. Hakukataa. Sisi tulisema. Tukaambiwa mtoto hasemi habari za wakubwa. Tulipokuwa wakubwa, tukawa na mashamba ya kupalilia."

Ndipo mwalimu Tukuswiga akafungua kitabu kikuukuu, jalada limeliwa na mende. Kitabu cha mikutano ya kanisa, alichokitafuta wiki nzima darini kwa ruhusa ya wazee. Hakikuwa na mstari mweusi. Akasoma mstari mmoja wa Aprili 1956: "Kamba ya kengele imeibwa na Ketrina, mpika pombe. Atengwe mpaka ailipe."

Akasema huo ndio mstari pekee ulioandikwa juu ya mama huyo katika mji huu. Bibi Enesi akaongeza kwamba Ketrina hakulipa. Alifunga mzigo wake, akavuka mto Songwe wa mpakani, akarudi kwao. Watoto kumi na mmoja walinuka komoni wiki nzima, na wakachapwa kwa hilo.

Kamati haikuhitaji kura.

Nimetoka na koti langu. Nilipofika nyumbani nimekumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiuliza. Baba hakupanda mtumbwi wa babu hata siku moja. Alizunguka hadi kivuko cha juu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Na hakuwahi kumwita babu "baba". Alimwita "yule mzee". Nilidhani ni adabu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda kwa Mama Restuta asubuhi. Nimependekeza "Daraja la Ketrina na Mtafya". Nikaeleza kwamba bila babu kuondoka, Ketrina asingepata nafasi ya kuonyesha ushujaa. Ni kazi ya watu wawili.

Ameniangalia kama mtu anayeangalia mvua ya Juni. Amesema nikanywe maji, nipumzike.

Nimependekeza jina la nguruwe basi lisitajwe. Amesema hakuna mtu anayelijua jina la nguruwe.

Mchana Bibi Enesi amepita dukani kwa miguu yake, na fimbo. Nilidhani amekuja kunidhihaki, nikajifanya natengeneza mashine. Ameweka kaunta kifurushi cha kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Amesema baba yangu alipokuwa kijana alikwenda kumtafuta Ketrina ng'ambo ya Songwe, mara mbili, kwa siri, na kuku mkononi. Hakumpata. Mara ya pili alirudi na kuku wake, yeye na Bibi Enesi wakamla, wakiongea habari za pipa mpaka jua likazama.

"Hakukwambia?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Alikuwa anaona haya," akasema. "Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya yule mzee."

Ameondoka bila kuomba fotokopi.

Sikumwandikia mteja yeyote risiti mchana huu. Kwanza hakuja mteja. Lakini hata wangekuja.

Jumamosi, 15 Juni

Uzinduzi. Ngoma, kwaya, hotuba tano, turubai moja lisilotosha. Baridi ya huku kwetu Ileje ilikuwa kali, mgeni rasmi alikata utepe akiwa amevaa glovu.

Jiwe limefunuliwa. DARAJA LA KETRINA. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Alivusha watoto kumi na mmoja, 1956." Na chini zaidi, majina yao yote, kwa mpangilio wa safari. Mwalimu Tukuswiga ndiye aliyeyapata, kwa Bibi Enesi. La mwisho, peke yake kwenye mstari: LAMEKI MTAFYA.

Kwa hiyo jina la Mtafya liko kwenye jiwe. Nimelisoma mara nyingi. Halikuwa limesimama kama nilivyopanga.

Mchungaji alisema kanisa limenunua kamba mpya ya kengele, na kwamba ile ya zamani imesamehewa. Watu wakacheka. Bibi Enesi hakucheka. Akasema kwa sauti, kamba haikuhitaji msamaha, anayehitaji ni aliyeandika. Mchungaji akainamisha kichwa, akasema ni kweli, mama.

Wakasema atakayevuka wa kwanza ni Bibi Enesi. Akakataa mkono wa mgeni rasmi. Akakataa wa mtendaji. Akatazama huku na huku akaniita, "Wewe wa Lameki, njoo."

Tukavuka. Hatua arobaini na mbili kwangu, kwake sijui, tulikwenda taratibu mno. Katikati akasimama, akashika kingo, akatazama maji. Yalikuwa kidogo, ya kiangazi, mtoto angeyaruka. Akasema baba yangu alilia njia nzima, na Ketrina alimwimbia njia nzima, wimbo wa kusaga ulezi. Akaniimbia kipande. Sauti imekatika katikati, lakini nimeusikia.

Macho yalinitoka machozi. Ni upepo. Mto ule una upepo mbaya.

Tulipofika ng'ambo Frida alikuwa anatusubiri. Alinipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake mbele ya watu wote, kama mtoto. Sikukataa.

Upande ule mzee wa Nakonde naye alikuwepo. Amekuja kama alivyoahidi, na akataka picha yake. Nimempa. Amefurahi na fremu. Maneno ya chini ameyakwangua kwa kisu papo hapo.

Jumanne, 18 Juni

Mambo haya yamenifundisha sana. Nimekaa siku mbili nikitafakari, na Frida amesema nimebadilika, nimekuwa mpole. Hata mwalimu Tukuswiga leo ameniita Yesaya tu, bila dawati.

Asubuhi Mama Restuta amepita kufotokopi tangazo. Nimelisoma kidogo wakati mashine inapata moto. Halmashauri inakamilisha soko jipya la mazao. Linahitaji jina la mtu aliyeleta maendeleo ya kilimo katika eneo hili. Mapendekezo mwisho tarehe 30.

Nimetoa kopi moja ya ziada.

Upande wa akina Mtafya nimeshauchunguza, umeonekana hauna bahati. Lakini mke naye ana ukoo! Babu yake Frida alitokea Hasamba, kwenye kahawa yenyewe. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba si yeye aliyeleta mche wa kwanza huku Ileje. Wakati wa chakula nimemuuliza Frida, kwa njia ya kupita tu, babu yake alifanya nini hasa maishani.

Amesema hakufanya lolote. Alikuwa anakaa.

Vizuri sana. Kwa hiyo hakuna mashahidi.